Wengine Gani?

Kipimo cha wasiwasi wa umbo la mwili kilichotungwa na Hart, Leary na Rejeski mwaka 1989 kina sentensi 12. Wanaume na wanawake hujibu zilezile, kwa alama 1 hadi 5. Ya mwisho inahusu hofu ukiwa umevaa nguo ya kuogelea. Nilipoitafsiri kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili, nilicheka. Kwetu Newala, juu ya uwanda wa Makonde, maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Nani aogelee, na wapi?

Kisha nikamkumbuka bibi. Alikuwa na chale usoni na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu. Kijijini alicheka waziwazi. Tukishuka stendi ya Masasi, alivuta kanga hadi puani. Babu, mwenye chale kama zake, hakujifunika popote.

Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906, akapiga picha wanawake wenye ndonya. Kitabu chake kinaonyesha midomo yao. Wanavyojiona wenyewe hakituambii. Kipimo cha 1989 kinauliza mtu anavyojiona, na hilo ni jema. Ila kinahangaikia unene na misuli, na watazamaji kinawaita “wengine” tu. Bibi angepata alama ndogo, nasi tungeandika kwamba hana wasiwasi.

Wengine gani? Wa kijijini walimwona mrembo. Wa stendi walimkodolea macho. Swali hilo ndilo ningeliongeza, kabla ya kulinganisha wanawake na wanaume.