Mkanda Ulikazwa, Kiti Kikaachwa

Uamuzi wa Novemba 2018 ulikuwa kosa, na miaka iliyopita haijaupunguzia uzito. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu basi la Nairobi kwenda Kakamega lipinduke alfajiri ya Oktoba 10 kwenye mteremko wa Tunnel, Fort Ternan, na kuua watu zaidi ya 50. Mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia wakazifufua Sheria za Michuki, kanuni za usalama wa matatu za mwaka 2003, na Novemba 12 msako ukaanza. Askari alichungulia mlangoni, akatazama viuno vya abiria, na asiyejifunga mkanda wa usalama akateremshwa. Faini ya abiria ni Sh500.

Sasa rudi kwenye picha za Fort Ternan. Paa halikuwepo! Lilikuwa limeng'oka lote, viti vikabaki wazi. Basi lililovuliwa paa namna hiyo linauliza swali kuhusu bodi, na serikali ikajibu kwa habari za mkanda.

Mkanda haufanyi kazi peke yake. Umeshikwa na kiti, kiti kimeshikwa na bolti, bolti zimeshikwa na sakafu, sakafu imeungwa na nguzo zinazobeba paa. Ni mnyororo, na askari barabarani huona pete yake ya kwanza tu. Chukua abiria wa kilo 70, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kidhibiti mwendo kinauruhusu. Mwili wake ukisimamishwa ndani ya mita moja, mkanda unabeba nguvu sawa na uzito wa karibu tani 1.75. Kwenye kiti cha watu watatu hizo ni zaidi ya tani 5, na zote zinaishia kwenye bolti chache za miguu ya kiti. Bolti iliyopitishwa kwenye bati jembamba, bila kipande cha chuma kizito upande wa chini, inachomoka pamoja na bati lake. Abiria aliyetii sheria anarushwa akiwa amefungwa kwenye kiti.

Basi likibingirika ni zamu ya paa. Kanuni ya 66 ya Umoja wa Mataifa hulipima basi kwa kuliinamisha hadi lianguke kwa ubavu kutoka ukingo wa milimita 800, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kuingia katika nafasi ya abiria. Kenya nayo ina kiwango chake cha bodi, KS 372. Hapo ndipo mawaziri walipaswa kuanzia: karakana zinazojenga bodi za abiria juu ya chasisi za lori.

Si kila kitu katika msako huo kilikuwa kosa: kukaza vidhibiti mwendo na kuyafuata mabasi ya usiku yasiyo na leseni kulikuwa sahihi.

Lakini jina la John Michuki, waziri wa uchukuzi aliyezitunga kanuni hizo, halikustahili kutumiwa hivyo. Tangazo lake la Kisheria namba 161 la 2003, lililoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, lilimkaba mwenye gari kwanza. Matatu isiyo na mikanda na kidhibiti mwendo ililala gereji, na watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Wenye magari walipogoma, hakutetereka. Mikanda mingi ya wakati ule ilichomelewa na mafundi kwenye viti ambavyo havikuundwa kuibeba, ni kweli. Hata hivyo gari ndilo lililotakiwa kutimiza masharti kabla ya kurudi barabarani. Mwaka 2018 abiria ndiye aliyepelekwa mbele.

Ukaguzi wa mabasi yanayoteremka kutoka Londiani kwenda Muhoroni, kupitia Fort Ternan, ulipaswa kufanywa karakanani, zulia likiwa limefunuliwa. Mkaguzi angekaza kila bolti kwa spana, angetikisa kila kiti kwa nguvu, angefuata kila nguzo hadi ilipochomelewa kwenye sakafu, na basi lenye kiti kinachocheza lingezuiwa hapo hapo, kabla abiria yeyote hajaulizwa habari ya mkanda.