Lafudhi ya Mzee Ojwang

Benson Wanjau, aliyefariki dunia mjini Nairobi tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi wa "Vitimbi", mchezo wa kuchekesha wa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), walimdhania Mjaluo, nao hawakuwa na sababu ya kushuku: jina lake la mchezoni lilikuwa Mzee Ojwang, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa kandokando ya Ziwa Viktoria. Jambo hilo, ambalo aghalabu hutajwa kama kioja tu, ndilo linalostahili kupimwa na wanaisimu.

Kijaluo hakina sauti "z" wala "sh" za Kiswahili, na wasemaji wake wengi huweka "s" mahali pa zote mbili. Kuiga hivyo si kazi kubwa. Hata mtoto wa shule aweza. Ugumu uko kwingine. Wasemaji wengi wa Kigikuyu huchanganya "l" na "r" wanaposema Kiswahili, ilhali Kijaluo huzitofautisha. Basi mwigizaji huyo hakuwa na budi kujivika lafudhi ya jirani na papo hapo kuificha ya kwao, tena si kwa usiku mmoja jukwaani, bali juma kwa juma, mwaka hadi mwaka.

Je, huko hakukuwa kuwadhihaki Wajaluo? Swali ni zito, kwa kuwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,000 waliuawa, kabila la mtu, lililotambulika kwa jina au kwa matamshi, liliweza kumponza. Lakini katika "Vitimbi" kicheko hakikutokana na lafudhi yenyewe. Kilitokana na majivuno ya mume na namna mkewe, Mama Kayai (Mary Khavere), alivyoyakatiza. Lafudhi ilikuwa nguo ya mhusika tu. Vichekesho vingi vya jukwaani vilivyofuata nchini Kenya vimepungukiwa hapo: humo lafudhi ndiyo mzaha mzima, nayo ikivuliwa hakuna kinachosalia.

Msomaji wa Lubumbashi atakumbuka kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Huko Kiswahili cha mjini ni lugha ya jukwaa zima, kwa hiyo hakimtengi mhusika na wenziwe. Wanjau alicheza penye Kiswahili sanifu kama kipimo, na kila neno lake lilisikika kwa kulinganishwa nacho. Kumfanya mhusika wa namna hiyo apendwe, badala ya kuchekwa tu, kulidai kipaji cha pekee.

Atakayeichunguza kazi hiyo katika kanda zilizohifadhiwa asianze na zile "s" ambazo kila mtu huziiga. Aanze na "l" na "r".