Madoido na Uvumbuzi katika Michezo ya Zelda

Mfululizo wa michezo ya video uitwao The Legend of Zelda ulianza Japani mwaka 1986, nao ni kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa kampuni ya Nintendo. Kazi iliyodumu hivyo haina budi kuja na jambo jipya kila itokapo. Walakini si kila jipya ni uvumbuzi, na aghalabu lile linalotangazwa kwa kishindo ndilo madoido matupu.

Na utazamwe mchezo wa Spirit Tracks, wa mwaka 2009. Ili shujaa Link apige filimbi yake, mchezaji hana budi kuipulizia maikrofoni ya mashine. Aliye peke yake nyumbani atapuliza. Aliye ndani ya basi, kati ya abiria, ataona haya. Pumzi hiyo ikiondolewa na kitufe kikawekwa mahali pake, mafumbo ya filimbi yatabaki karibu kama yalivyo.

Skyward Sword (2011) ni shauri gumu zaidi. Humo upanga hufuata mkono wa mchezaji, na adui hukinga upande mmoja ili pigo litafutiwe upande mwingine. Walioyaita hayo madoido hawakukosa sababu, madhali mkono ule ule ulilazimishwa pia kumwongoza ndege angani na kuogelea, pasipo faida iliyoonekana. Lakini mchezo ulipotolewa tena mwaka 2021 kwa mashine ya Switch, mchezaji aliruhusiwa kupiga upanga kwa kijiti cha kidole, na swali la upande wa pigo likabaki pale pale. Chini ya madoido, basi, palikuwa na kitu.

Breath of the Wild (2017) haukuudai mkono mambo mengi ya ajabu. Mvua huutia utelezi mwamba unaokwewa, radi humtafuta aliyevaa chuma, na moto ukishika nyasi, hewa yake humwinua Link juu ya adui zake. Kuvunjika kwa silaha kumelalamikiwa sana, na kwa kweli ni kero. Ila pasipo kero hiyo ni nani angefikiri kusukuma jiwe liporomoke mlimani?

Tears of the Kingdom (2023) ulirudi katika nchi ile ile, ukampa mchezaji uwezo wa kuunga mbao na magurudumu apendavyo. Hayo ni makubwa. Pango lake lenye giza, lililotandazwa chini ya nchi nzima, linachosha upesi.