Na Aliyemkabidhi Ngoma Je?

Nikisoma makala kuhusu mwanamuziki wa asili wa huku kwetu magharibi ya Kenya, najua mapema itakavyoanza. Mtoto alipiga makopo, majirani wakashangaa, akakua, na leo anafundisha na kutumbuiza. Hadithi tamu. Lakini aliyekulia Kakamega hujiuliza: na aliyemkabidhi ngoma je, mbona hatajwi?

Nami nimewahi kuandika hivyo hivyo. Nitafika huko.

Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho. Jina la mchezo ni la ngoma zenyewe, na ngoma huja tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Kuna pembe ya swala, kuna njuga za chuma, na kuna mwimbishaji anayeongoza wachezaji, wanaume safu yao na wanawake yao. Utaikuta mtoto akizaliwa, harusini, matangani, hata fahali wakipelekwa kupigana. Sasa sikiliza ile ndogo peke yake. Utasema, aah, hiyo hata mimi naweza. Kisha isikilize na wenzake. Inaingia pale tu zile mbili zilipoiachia nafasi. Hapo ndipo kipaji kinapogonga mwamba. Mtoto anaweza kuzaliwa na mikono myepesi, lakini kungoja hufundishwa, na anayekufundisha ni mtu aliyekaa kando yako usiku kucha.

Ukitaka ushahidi mwingine, msikilize George Mukabi wa Kisa, bingwa wa gita la omutibo. Kidole gumba kinashika nyuzi nene kama ngoma kubwa, nyuzi nyembamba zinajibu, na chupa ya soda inagongwa pembeni. Kwa masikio yangu huyo ni mtu mmoja anayejaribu kuwa kundi zima la isukuti. Mukabi alifariki 1963, bado kijana. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, akaendelea kuzipiga nyimbo za baba yake, na mwaka 2017 kampuni ya Olvido ya Marekani ikatoa mkusanyiko wa rekodi za mzee, *Furaha Wenye Gita*. Wanaomsifu hupenda kumwita mtu wa ajabu aliyezuka kijijini. Mimi nasema hakuzuka. Midundo ile ilikuwa imeshafunzwa watu, kizazi baada ya kizazi, kabla gita halijafika.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotolewa ni kwamba wajuzi wengi wamezeeka na hawana wa kuwarithi, na pesa na vifaa vya kutengenezea ngoma ni haba. Soma tena, msomaji. Hakuna mahali palipolalamikiwa uhaba wa watoto wenye vipaji.

Watasema mashindano ya muziki ya shule yanatosha. Yanasaidia, sikatai, wengi wetu tuligusa ngoma mara ya kwanza huko. Lakini jukwaani una dakika chache na majaji mbele yako, kwa hiyo unafundishwa kuanza kwa kishindo na kumaliza kwa kishindo. Ule mwendo wa katikati, ambapo wimbo unamjibu mfiwa au bibi harusi, hauna muda.

Shuleni kwetu tulifunzwa na mzee mmoja. Alikuja kwa miguu na ngoma begani. Nilipokuwa naikimbiza ile ndogo, alinishika kifundo cha mkono, akakiachilia tu zamu yangu ilipofika. Tulishinda. Cheti kikaandikwa majina ya walimu wa shule. Yeye akapewa soda na nauli.

Miaka baadaye niliandika uhakiki wangu wa kwanza kuhusu isukuti, nikasifiwa kwa "sikio langu la kuzaliwa nalo". Mle ndani nilimwita "mzee mmoja wa kijijini". Nilipotaka kurekebisha, nikagundua sikuwahi kumuuliza jina. Tulimwita Kuka tu, babu.

Kwa hiyo ukienda kumhoji mpiga ngoma anayefundisha leo, usimuulize alianza akiwa na miaka mingapi. Muulize alikaa kando ya nani. Halafu uliandike jina hilo, kabla ya lake.