Ufinyu wa Bajeti kama Fani: Uhakiki wa Video ya "Here It Goes Again"

Wanafunzi wengi wa filamu hupanga video ya muziki kwa kuorodhesha vitu wasivyo navyo. Video ya bendi ya Marekani OK Go, "Here It Goes Again" (2006), ilianzia kwenye kilichopo: wanaume wanne, mashine nane za kukimbilia na kamera moja isiyosogea. Trish Sie, aliyeibuni michezo yake na kuiongoza pamoja na bendi, alihamisha uzito wa kazi kutoka kwenye uhariri hadi kwenye mazoezi. Humo ndimo ilimo fani yake. Kwa kuwa picha haikatwi, kuteleza mara moja tu kungeharibu yote, na mtazamaji huihisi hatari hiyo katika kila hatua.

Hata hivyo, mtafiti hakubaliani na wanaoiita video hii rahisi. Wachezaji ndio wenye wimbo, na Sie ni dada wa mwimbaji. Jasho lao halikuhitaji kulipwa papo hapo. Mwanafunzi anayewaomba wenzake wacheze kutwa nzima hana udugu wa namna hiyo wa kuegemea. Nauli na chakula chao viingie kwenye bajeti kabla ya kukodi lenzi.