Simu Mkononi, Je, Kichwani Mna Nini?

Hapa kambini simu imekuwa kila kitu: benki, redio, barua ya nyumbani, na sasa mwalimu. Siilaumu bure. Tangu 2013 UNHCR na Vodafone Foundation wamepeleka tableti na intaneti kwenye shule za Dadaab, na watoto wasio na vitabu wakapata cha kusoma. Hilo tunashukuru. Ninachokosoa ni tabia yetu. Mtoto akiulizwa swali, hata hajafikiri, mkono uko kwenye simu. Ananakili jibu, bando likiisha na jibu limeondoka.

Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walichapisha majaribio yao katika jarida la Science: mtu akijua habari imehifadhiwa kwenye kompyuta, habari yenyewe haikumbuki sana, anakumbuka zaidi ilipowekwa. Jaribio lao moja liliporudiwa baadaye halikutoa matokeo yale yale, kwa hivyo siapi. Lakini kuna la Eleanor Maguire na wenzake, 2000. Walipima bongo za madereva wa teksi wa London, ambao hukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu ya mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine.

Wazee wetu wa Kisimayu na visiwani, Koyama, Chovai, Chula, hili wangelielewa bila kupimwa. Nahodha alikuwa na kusi na kaskazi kichwani, nyota za usiku, na rangi ya maji inayomwonya kuwa mwamba uko karibu. Kijana alijifunza chomboni kwa kuulizwa: "Hapa tuko wapi?" Akikosea, wanamcheka, kisha anaulizwa tena. Lile swali ndilo lililomfunza. GPS inakupa jibu kabla hujajiuliza.

Na kwetu mambo hayaishii darasani. Mbajuni akiomba hifadhi huulizwa habari za visiwa vyake na lugha yake. Uingereza, 2004, baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni, na uwezo wa kusema Kibajuni ulikuwa kiini chake. Mbele ya anayekuhoji hupewi nafasi ya kupekua Google. Sasa mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye Chula hajaiona hata siku moja, atajibu nini?

Sisemi tuzitupe simu. Mrekodi bibi yako akisimulia, sawa kabisa, maana wazee wanatuondokea. Ila ukimaliza, zima, umwambie mtoto asimulie yeye kwa maneno yake, kwa Kibajuni, na bibi amsahihishe. Nanyi ndugu zetu wa mashirika, mkihesabu tableti mlizogawa, hesabuni pia watoto wanaoweza kueleza somo zikiwa zimezimwa.