Travian: kijiji kinavyokua rezo ikiwa imekatika

Travian ni mchezo wa mkakati ulioanza Ujerumani mwaka 2004. Maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja na kushindana kwa miezi mingi. Kila mmoja huanza na kijiji kimoja: hukata mbao, huchimba udongo na chuma, hulima nafaka, hujenga, kisha huunda jeshi. Kivinjari kinatosha kuucheza, na kurasa zake za awali zilikuwa nyepesi sana.

Nauchambua nikiiwaza Shabunda. Wilaya hiyo ya Kivu Kusini ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, nyingi zikiwa msitu. Barabara ya kutoka Bukavu ni mbovu kiasi kwamba kwa miaka mingi bidhaa zimekuwa zikifika kwa ndege ndogo, na rezo ya simu hupatikana hapa ikakosekana pale. Mchezo wa mapigano ya papo kwa papo hauchezeki katika hali hiyo, kwa kuwa seva yake huwasiliana na simu mara nyingi kila sekunde. Travian huvumilia ukimya wa saa nzima. Vipi?

Siri ni kwamba seva haina haja ya kuongeza mbao sekunde baada ya sekunde. Inatosha itunze namba tatu: akiba iliyokuwepo, kasi ya uzalishaji, na saa ya hesabu ya mwisho. Kijiji kikifunguliwa, au kikivamiwa, ndipo inapozidisha kasi kwa muda uliopita na kujumlisha na akiba. Hesabu moja inafidia ukimya wote.

Hesabu hiyo ina kikomo, na kikomo ndicho kinachomla mchezaji muda. Kijiji kisichojenga ghala hubeba mbao 800 tu. Tuseme kina 200 na huzalisha 100 kwa saa: baada ya saa sita kimejaa. Mwenye kijiji akirudi baada ya saa kumi, mbao 400 zimepotea. Aliyeubuni mchezo hakulazimisha mtu kukaa mbele ya skrini. Ameweka ghala dogo, na ghala likamwita mtu usiku wa manane. Anayetaka kuucheza bila kuharibu usingizi na kazi aanze na ghala kabla ya jeshi.

Vita navyo ni hesabu. Katika ulimwengu wa mwendo wa kawaida, askari wa miguu wa Kirumi hupita miraba 6 ya ramani kwa saa. Mtambo wao wa kurushia mawe hupita 3. Adui akiwa miraba 30 mashariki na 40 kaskazini, umbali wa moja kwa moja ni miraba 50. Jeshi zima hufuata mwendo wa aliye mzito kuliko wote, kwa hiyo safari ni saa 16 na dakika 40. Ukitaka kupiga saa kumi na moja alfajiri, lipeleke jana yake saa sita na dakika 20 mchana. Seva huandika tukio hilo pamoja na sekunde ya kufika, na wewe unaweza kuzima simu ukalinda chaji. Mchezo pia unaruhusu hadi wachezaji wawili wakuangalizie akaunti wakati hupo, kwa nywila zao wenyewe. Kwa mtu wa Shabunda, mwangalizi aliye Bukavu ana thamani zaidi kuliko ngome.

Ninachotaka waandishi wa programu wa Bukavu wakichukue ni kanuni hii: tuma mabadiliko tu, mengine yahesabiwe. Katika Travian, nafaka ikiliwa zaidi ya inavyovunwa, akiba hugawanywa kwa upungufu wa kila saa, na muda wa njaa hujulikana mapema. Zahanati inaweza kufanya vivyo hivyo. Ikiwa na vidonge 600 na kutumia 25 kwa siku, vitaisha baada ya siku 24. Kama mzigo wa ndege huchukua siku 10, agizo litoke kabla ya siku ya 14. Hakuna haja ya kuripoti kila jioni. Ujumbe mfupi wa simu unatosha pale matumizi yanapopanda au mzigo unapopokelewa.

Tofauti moja isisahaulike. Mchezo hujua kasi yake kwa uhakika, ilhali homa ikizuka matumizi ya dawa hupanda ghafla. Kwa hiyo kila ujumbe ubebe saa ya tukio lenyewe, si saa ya kupokelewa, maana huenda ukafika siku mbili baadaye. Na ukimya ukizidi muda uliokubaliwa, mfumo usiendelee kuonyesha akiba kana kwamba ni kweli; umtake mtu athibitishe. Kijiji cha Travian kikikosewa hesabu hupoteza mbao. Zahanati ya msituni ikikosewa, mgonjwa hukosa dawa.